Choa Chenye Meno

Mshonaji yule watu walimwita Sindano, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi. Lilitokana na ulimi wake. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, Sindano alimjibu bila kuinua uso kwenye cherehani kwamba gauni ni lile lile, aliyebadilika anajijua. Mwanamke wa namna hiyo, mjane aliyemlea mwanawe peke yake mpaka akaoa, nani angemdhania kuwa na siri? Ndiyo maana upele ulipomtoka kifuani, chini kidogo ya mtulinga, nyumba nzima iliuchukulia kuwa upele tu.

Ulianza kwa kuwasha. Kisha pakavimba, pakaiva, pakajichora duara kamili kama lililochorwa kwa kuzungushia bilauri.

"Mama, hicho ni choa," alisema mkamwana wake alipokiona.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyekuwa akiishi nao, hakuhitaji kutazama mara mbili. Yeye alikuwa tabibu wa bure wa mtaa mzima, na dozi zake hazikuwa na huruma. Akaanza na ndimu. Sindano aliruka mpaka akajigonga kichwa kwenye kabati. Ikafuata dawa ya choa ya dukani, ya kupaka asubuhi na jioni, na wifi mwenyewe alisimamia upakaji. Mwisho akaongeza maombi. Kila alfajiri alisikika akikitaja choa kile mbele ya Mungu, akiomba king'oke na mizizi yake.

Choa kikanenepa.

Sasa, lilikuwepo jambo ambalo Sindano hakumwambia mtu. Mkabala na duka lake la ushonaji kulikuwa na kibanda cha fundi saa, mwanamume mjane kama yeye, mtu mpole mwenye kidubini cha kubana jichoni. Siku moja Sindano alimpelekea saa yake ya ukutani. Fundi akaifungua, akaichungulia, akasema, "Hii haina ugonjwa."

"Itazame vizuri," Sindano akamjibu. "Nitapita kesho."

Fundi hakuwa mjinga. Aliitazama saa ile vizuri kwa muda mrefu kuliko saa yoyote aliyowahi kuletewa, na Sindano alipita kesho, na kesho kutwa, na kila kesho iliyofuata. Hatimaye fundi akamkabidhi kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa cha kusugulia vioo: kigurudumu chenye meno pembeni, kutoka tumboni mwa saa ya zamani, kimeng'arishwa mpaka mtu angejiona uso.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema fundi, masikio yamemwiva. "Hiki ndicho huisukuma mishale."

Sindano, aliyekuwa na jibu la kila mtu duniani, alikipokea kwa mikono miwili tu. Alikitunga kwenye uzi mweusi, akakivaa ndani ya blauzi, na tangu hapo akawa anajichekea mwenyewe katikati ya kupiga pasi. Umri wa kuitwa bibi, na moyo unamrukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Wifi alipokuja na dawa zake, yeye alikwisha kukivua na kukificha kwenye kopo la vifungo. Wifi akitoka, kinarudi shingoni.

Ndimu ya tatu ndiyo iliyomshinda. Alitangaza kwamba anakwenda zahanati, na wifi na mkamwana wakafuatana naye bila kualikwa.

"Hapa hatuna daktari wa ngozi," aliwaambia muuguzi, "lakini tunaye kwenye simu. Yuko mji mwingine. Tunapiga picha, tunamtumia, akishaziangalia anapiga kwa video anaongea na mgonjwa."

"Atauonaje upele kupitia kioo?" wifi aliuliza. "Ataugusa na nini?"

"Kwanza auone, mama. Ikibidi kuguswa, atatuambia."

Muuguzi alimkalisha Sindano karibu na dirisha, kwenye mwanga mzuri, akampa wifi rula ashike pembeni ili daktari ajue ukubwa. Picha ya kwanza ilitoka ukungu mtupu kwa sababu rula ilikuwa ya baridi na Sindano alitekenyeka. Ya pili ilijaa dole gumba la wifi kutoka kona hadi kona. Ya tatu ikawa safi. Muuguzi, katika haraka yake, alizituma zote.

Hawakungoja sana. Kwenye kompyuta ya chumba cha muuguzi alitokea mwanamke kijana mwenye miwani, koti jeupe na sauti ya utaratibu.

"Shikamoo mama. Nimepata picha. Nianze na hii ya pili. Hiki kidole ni cha nani?"

"Changu," alisema wifi, akisogea mbele kwa hofu.

"Kiko salama kabisa."

Mkamwana alijifanya anakohoa. Daktari akaendelea. "Mama, hapo chumbani uko na nani?"

"Wifi yangu na mkamwana wangu."

"Haya ni mambo yako binafsi. Ungependa wabaki, au watupishe kidogo?"

Sindano aligeuka. Wifi alikwisha kuvuta kiti. Ukimtoa mtu wa aina hiyo chumbani, utamkuta dirishani. "Wabaki," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekubali kung'olewa jino.

Daktari alimwuliza upele ulianza lini, unawasha wakati gani, amepaka nini. Aliposikia habari za ndimu alifumba macho kidogo, kama aliyekamuliwa yeye. Akamwomba muuguzi asogeze kamera, kushoto, chini, hapo hapo.

"Mama, choa ninakifahamu vizuri. Huwa kinatanuka pembeni na kupoa katikati, na dawa uliyopaka ingekipunguza. Hiki hakijapungua. Tena kina meno."

"Kina nini?" aliuliza wifi.

"Meno. Tazama ukingo wake. Yamepangana kama ya msumeno. Ugonjwa hauchori hivi. Hapa palikaa kitu." Daktari aliinama karibu na kioo. "Mama, huwa unavaa nini hapo kifuani?"

Sindano alitazama dari. Alitazama sakafu. Alimtazama muuguzi, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi kabatini.

"Mkufu," akasema.

"Mkufu gani?" wifi akadakia. "Wewe huna mkufu."

"Wenye kidani."

"Kidani cha namna gani, mama?" daktari aliuliza kwa upole.

"Cha kigurudumu. Cha saa."

Mkamwana, ambaye kila siku alipita mbele ya kibanda cha fundi akienda sokoni, alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Wifi alikuwa bado anahesabu. Ilimchukua muda. Kisha akasimama, akakaa tena, safari hii juu ya mizani ya kupimia watoto, na mshale wake ukazunguka mpaka mwisho.

"Fundi saa," alisema.

"Ndiye," alisema Sindano, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka kukwambia, wifi. Nikaogopa. Wewe ni damu ya marehemu."

Midomo ikamcheza wifi. "Yaani mwezi mzima," alisema, "mimi naamka alfajiri namwomba Mungu aking'oe choa, kumbe naomba ang'olewe mchumba."

Akaangua kicheko. Kilimtoka tumboni, mizani ikatetemeka chini yake, mkamwana akaambukizwa, muuguzi akashika mlango wa kabati asianguke. Sindano alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamdondokea juu ya choa. Kule kwenye kioo daktari alikuwa amevua miwani anaifuta.

"Kaka yangu amepumzika siku nyingi," wifi alisema alipopata pumzi. "Mimi nilidhani umeapa kuolewa na cherehani."

Daktari aliporejesha uso wa kazi, alieleza. Ule ni mzio, wengine huita aleji. Vyuma vingi vinavyong'aa vina madini yanayoitwa nikeli, na ngozi ya watu fulani haipatani nayo, hasa ikilowa jasho. Kidani kivuliwe. Dawa ya choa na ndimu, basi. Angemwandikia marhamu ya kutuliza, apake kidogo kwa muda mfupi tu, wala asiifanye mafuta ya kujipaka kila siku. Aliposikia kwamba ni mshonaji, akamwonya pia juu ya pini anazobana midomoni akishona, maana nazo huwa na nikeli. Kila wiki mkamwana apige picha dirishani, na rula, na kidole kisionekane.

Jioni ile Sindano alivuka barabara kumweleza fundi. Alikuwa amejiandaa kumtania, lakini fundi aliposikia kwamba zawadi yake ndiyo iliyomchoma alikaa chini kama aliyesukumwa.

"Nimekuumiza," alisema.

"Umeniwasha tu," Sindano akamjibu. "Nimewashwa na mengi mabaya kuliko hilo."

Fundi hakuridhika. Siku ya kuonana na daktari tena alifunga kibanda, akavaa shati lililopigwa pasi na Sindano mwenyewe, akaenda zahanati kuomba radhi. Ngozi ilikuwa imetulia, kumebaki kivuli cheusi ambacho daktari alisema kitafifia polepole, asikisugue.

"Na huyu bwana?" daktari aliuliza. "Ndiye mwenye meno?"

"Ndiye, daktari," alisema wifi, aliyekuwa na kiti cha mbele, mkamwana nyuma yake.

Fundi alisimama mbele ya kompyuta kama yuko mahakamani. "Daktari, nimekuja kukiri kosa. Na kwa kuwa jamaa zake wako hapa, nimeona nisipoteze nafasi." Akamgeukia wifi. "Dada, naomba ruhusa yenu. Nataka kumuoa."

Hapo hapo mtandao ukakata. Uso wa daktari uliganda kwenye kioo, mdomo wazi, nyusi zimepanda juu ya miwani, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuushughulikia. Wifi alikuwa amemkumbatia fundi kabla hajamjibu. Mkamwana alikuwa anampigia mumewe simu. Sindano alikuwa ameketi pale dirishani, blauzi bado haijafungwa vifungo vya juu, anawaambia kwamba anayetakiwa kuulizwa yuko huku.

Kioo kikarukaruka, daktari akarudi. "Samahani, mmekatika. Nimeishia 'nataka'. Anataka nini?"

"Mwulize mgonjwa," alisema muuguzi.

Daktari akamtazama Sindano. "Mama?"

"Anataka mke," Sindano alisema. "Mwambie atampata. Ila kabla ya pete tutakuomba ushauri."