Homa za Chumba cha Joto

Mtakwimu wa hospitali alijumlisha takwimu za watoto wachanga, akajumlisha tena, kisha akaenda kumtafuta daktari wa watoto. Wauguzi walimwita daktari huyo Polepole, kwa sababu hata paa lingeshika moto angeanza na neno hilo.

"Maambukizi ya damu yamepanda mara tatu," mtakwimu alimwambia.

"Polepole, dada. Maabara imepata mashine mpya. Zamani tulibahatisha, sasa tunaona. Ugonjwa haujaongezeka, yameongezeka macho."

Hoja ilikuwa nzito. Hata yeye alikuwa ameiwaza akiwa njiani kuja. Alirudi ofisini, lakini moyo haukutulia. Kama ni mashine tu, wagonjwa wangeongezeka kila mahali. Akaanza kuwatenganisha: waliolala na mama zao, na waliolala chumba cha joto, kile chumba kidogo cha watoto njiti, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Kwa akina mama hali ilikuwa ya siku zote. Ongezeko lote lilikuwa chumba cha joto.

Njiti ni dhaifu, alijibishana na nafsi yake. Akawalinganisha na njiti wa mwaka uliopita wenye uzito kama wao. Vifo navyo vilikuwa vimepanda. Mashine ya maabara inaweza kuongeza majibu, lakini vifo haiongezi.

Simu ikaita. Alikuwa kaka yake.

"Wifi yako ameshikwa na uchungu, na miezi haijatimia. Tuko hapa kwenu, wodi ya wazazi."

Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, wa kike, mwembamba, akilia kwa sauti ya kukwaruza. Muuguzi alikuwa amemfunika blanketi, anamkimbiza chumba cha joto. Mtakwimu akasimama mlangoni.

"Naomba asiingie humu."

"Una nini wewe?" kaka yake aliuliza.

"Watoto wanaugua humu. Takwimu zinaonyesha."

"Zinaonyesha, au una uhakika?"

"Zinaonyesha."

"Kwa hiyo mwanangu afe kwa baridi kwa ajili ya hesabu zako. Toka mlangoni."

Hakutoka. Muuguzi alibaki katikati, mtoto mikononi, mpaka daktari akafika. Mtakwimu alimweleza habari ya vifo kwa maneno machache.

"Waliokufa walikuwa kwenye oksijeni?" daktari aliuliza.

"Sijui. Hilo sijalitenganisha."

"Mimi nawakumbuka," daktari alisema taratibu. "Wote walikuwa kwenye oksijeni."

Safari hii daktari hakulitaja lile neno lake, "polepole". Aliagiza chumba kifungwe, watoto wote wawekwe vifuani kwa wazazi wao, ngozi kwa ngozi, na wenye shida ya kupumua waletewe mitungi na vifaa safi kutoka chumba cha upasuaji. Wifi alikuwa bado anashonwa, kwa hiyo kaka akavua shati, akaketi, akawekewa binti yake kifuani. Hakumtazama dada yake hata kidogo.

Kungoja majibu ya maabara kulikuwa mateso. Kila mtoto alipokohoa, mtakwimu aliona ni yeye aliyemtoa kwenye joto. Kama amesoma vibaya, watoto wa watu wangelipia.

Majibu yalipokuja, daktari alimsomea wakiwa wamesimama ukumbini. Vijidudu vilikuwa kwenye maji ya zile chupa ndogo zinazoipa unyevu hewa ya oksijeni. Zilikuwa zikiongezwa maji juu ya maji bila kuoshwa.

Binti wa kaka hakupata homa. Kaka hakuomba radhi, alimwambia tu, "Njoo umshike mwanao, nikanawe uso." Akamshika.

Lakini mtoto mmoja, aliyekuwa ameugua kabla chumba hakijafungwa, hakupona. Daktari alikwenda kumweleza mama yake chanzo, na mtakwimu akaomba waende wote.

Mama yule aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mtakwimu.

"Kabla ya wangu, walikufa wangapi?"

Daktari alifungua kinywa ili asaidie. Mtakwimu akamtangulia, akaitaja idadi bila kuzungusha. Mama akaitamka kimya kimya kwa midomo, akaongeza mmoja, kisha akasogea kitandani ili mtakwimu apate pa kukaa.