Msichana Aliyezama Nyuma ya Kaunta

Siku ya kwanza Kija Masele alipovaa sare ya Kuku Chapuchapu, alijitazama kwenye kioo cha friji ya soda mpaka mteja akamwomba asogee ili achague kinywaji. Kofia nyekundu, aproni nyekundu, na mgongoni maandishi ya njano: HUJAKAA, UMESHAKULA. Alishikwa na furaha ya kijinga kabisa, ile inayomfanya mtu mzima atamani kuruka kamba. Kwao Usagara, pale njia panda, mama yake mdogo alikuwa anamngoja arudi wauze matunda pamoja, kwa sababu ukoo mzima uliamini kwamba msichana anayecheka ovyo namna ile hawezi kudumu kwenye kazi ya watu. Alipewa miezi mitatu ya majaribio, halafu bosi angeamua. Kija akaapa moyoni kwamba hapo stendi ya Buzuruga hatoki.

Na kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Abiria wa stendi wana haraka isiyo na adabu: mguu mmoja uko dukani, mwingine uko kwenye basi, kondakta anapiga kelele, na bado mtu anataka paja, siyo kidari, na pilipili iwekwe pembeni. Kija aliwakariri wote. Huyu hali kachumbari yenye kitunguu, yule anataka chipsi zilizokauka, na mama mmoja wa mitumba anataka maboksi mawili, moja la kula mbele ya mumewe na moja la kula akiwa na amani. Mkono mmoja unafunga, mwingine unapokea hela, mdomo unauliza, "Za kula hapa au za kubeba?" na uso unacheka. Obedi, mkaangaji, ambaye kwa kawaida alizungumza na karai lake tu, alisema tangu aanze kuunguzwa na mafuta hajaona kaunta ikienda namna hiyo. Suresh, mwenye duka, alikuwa anasimama kwenye mlango wa stoo na kumtazama kwa raha, mikono juu ya kitambi.

Tatizo lilikuwa magoti.

Kwa Wasukuma wa kwao Kija, msichana hamsalimii mkubwa akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme. Anapiga goti. Hilo halifikiriwi, linatokea tu, na kumwambia Kija aache ilikuwa sawa na kumwambia asipepese macho. Mzee akifika dukani, magoti yanatangulia na shikamoo inafuata. Sasa kaunta ya Kuku Chapuchapu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Suresh aliinunua kwenye duka la dawa lililofungwa, na ilimfika mtu mzima kifuani. Kija, ambaye urefu ulipogawiwa huenda alikuwa amekwenda kuteka maji, akipiga goti alipotea wote, kofia na vyote.

Wa kwanza kupatwa alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Alifungua mdomo aagize robo kuku, akaona msichana aliyekuwa mbele yake hayupo. Sauti ikatoka chini kwa chini: "Shikamoo!" Mwalimu akatazama dari, akatazama nyuma yake, mwisho akaiambia friji ya soda, "Marahaba." Akalipa, akaondoka kwa hadhi yake yote. Kesho yake mzee mwingine hakuwa mvumilivu kiasi hicho. Alitoka mbio bila chipsi zake na kuwatangazia watu wa bodaboda pale nje kwamba duka lina majini, tena majini yenye adabu.

Suresh akamwita Kija stoo.

"Kija, wewe ni mfanyakazi mzuri," alianza. "Mzuri sana. Lakini wateja wangu wanaongea na friji."

"Nawasalimia tu, bosi."

"Salimia! Nani kakukataza? Salimia kwa mdomo. Mteja aone uso, bana. Mtu ana basi, hawezi kuanza kukutafuta chini ya kaunta." Akajifuta jasho. Alikuwa anampenda binti yule, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. "Jumamosi majaribio yako yanaisha. Nikikuona umezama tena, hata mara moja, tutaagana kwa amani. Na usitoke kwenye kaunta yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi," akasema Kija, akiwa tayari ameshapiga goti.

Alijaribu, maskini. Siku nzima alitembea na miguu iliyokakamaa kama korongo. Alimsalimia mama mmoja mwenye mvi akiwa amesimama, akafanikiwa, na Suresh kule mlangoni akamwonyesha dole gumba. Lakini Kija hakufurahi. Alijiona kama amemtukana yule mama, na mpaka jioni kila alipomkumbuka mashavu yalimchoma. Alitaka kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alitaka pia kumtazama mama yake mdogo usoni bila aibu. Mazoea yana tabu, nayo magoti ya Kija yalikuwa yamezoea tangu hajaota meno.

Aliyeleta ufumbuzi ni Obedi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Dada Kija," alisema, huku akichuja chipsi. "Bosi anachotaka ni uonekane. Basi piga goti, lakini uonekane."

"Kivipi?"

Obedi akavuta kreti mbili za soda, akazipandanisha nyuma ya kaunta, akaweka gunia juu. Kija alitakiwa kuruka kidogo tu, apige goti juu ya kreti, na uso wake ubaki pale pale machoni pa mteja. Heshima imetimia, biashara imetimia. Kija alipiga kelele za furaha mpaka Obedi akamwonya asiangukie kwenye mafuta. Wakafanya mazoezi kabla duka halijafunguliwa: hop, shikamoo, shuka. Hop, shikamoo, shuka. Walicheka mpaka Obedi akaketi kwenye kiroba cha viazi. Mafundi hao wawili hawakupima chochote, na katika ubingwa wao hawakugundua kwamba kreti mbili ni ndefu kuliko kipande cha mwili ambacho goti linakipunguza.

Jumamosi ilikuja na watu wake. Foleni ilifika nje, Obedi alikuwa anakaanga kwa mikono yote miwili, na Kija alikuwa anacheka, anafunga, anauliza, anacheka tena. Mzee mmoja wa makamo alifika, Kija akaruka, hop, akasalimia. Mzee akarudi nyuma nusu hatua, akaitikia, akachukua kuku wake akaenda zake huku akigeuka geuka. Suresh mlangoni alikunja uso. Kuna kitu hakikuwa sawa, ila hakuweza kukitaja. Binti hakuzama, hilo lilikuwa wazi.

Ndipo akaingia bibi.

Alikuwa mdogo, mweusi, mkavu, amejifunga kitenge chenye samaki wakubwa, na kandambili zake zilikuwa na vumbi la safari. Aliletwa na mwanawe, Luhende, mtu mnene mwenye tiketi mbili mkononi. Walikuwa wanakwenda Geita, basi lao lilikuwa limeshawasha injini, na huyo Luhende alikuwa ameingiwa na wasiwasi wa kuachwa tangu alipoamka. Foleni ikampisha bibi, kama ilivyo haki. Kija alipoiona sura ile yenye makunyanzi moyo wake ukayeyuka wote, akajikuta anaruka kwa nguvu kuliko alivyofanya mazoezi.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi akainua uso polepole. Akaendelea kuuinua. Kule juu, karibu na taa, msichana wa kofia nyekundu alikuwa amepiga goti hewani na kumtabasamia.

"Luhende," bibi akasema, "huyu mtoto kapanda wapi?"

"Mama, agiza, basi linaondoka."

"Nakuuliza kapanda wapi. Mimi nasalimiwa, mtoto anapanda! Kwetu mtoto akikusalimia anashuka. Huyu anapanda kama kuku anayekwenda kulala." Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka, akaipiga sakafu kwa fimbo yake. "Sili hapa."

"Mama, linaondoka!"

"Liondoke. Lilizaliwa mbele yangu?"

Kija akashuka. Masikio yalimwaka moto. Katika maisha yake alikuwa amevunja vikombe, amepoteza mbuzi, amecheka msibani, lakini hakuwahi kumdharau bibi wa mtu. Alimwona Suresh ameanza kutoka mlangoni. Alijua sheria zote mbili, ya kutozama na ya kutotoka, na alijua kwamba leo ndiyo leo. Akaigusa kofia yake nyekundu kidogo, kama kuiaga. Kazi ni kazi, akajisemea, lakini bibi ni bibi.

Akafungua kijimlango cha kaunta, akapenya katikati ya foleni, akafika mbele ya bibi na kupiga magoti yote mawili juu ya vigae.

"Nisamehe, bibi. Walisema nikipiga goti kule nyuma sionekani." Kisha akasalimia upya, safari hii kwa Kisukuma, kama alivyofundishwa: "Mwadila, mayu."

Bibi akamtazama utosini. "Mwadila," akaitikia. "Wewe wa wapi?"

"Usagara, kwa Masele."

"Masele yupi?"

Hilo ni swali refu kwa Msukuma, na jibu lake ni refu zaidi. Wakaanza na babu. Nyuma ya kaunta hapakuwa na mtu. Obedi alikuwa anapiga kelele, "Chipsi tayari! Chipsi tayari jamani!" na hakuna wa kuzipokea. Foleni nzima, watu wenye mabasi yao, ilikuwa imenyamaza inasikiliza ukoo wa watu. Suresh akafika, uso mwekundu.

"Kija! Nilikuambia nini mimi?"

Kija hakuinuka. Huwezi kuinuka mkubwa akiwa katikati ya salamu. "Nimezama, bosi," akasema kwa sauti ndogo, na kicheko chake chote kikawa kimekwisha.

Suresh akavuta pumzi ili amalize maneno yake, yale ya kuagana kwa amani. Lakini bibi alikuwa ameshamgeukia.

"Na huyu ni nani?"

"Mwenye duka, mama," akajibu Luhende, aliyekwisha kukata tamaa na basi.

Bibi akamtazama Suresh kuanzia viatu mpaka kipara. Kisha akangoja. Alingoja kama mtu ajuaye kwamba kuna kitu chake na lazima kitaletwa.

Suresh alizaliwa Mwanza, akalelewa na mama aliyeitwa Lilavati, na katika nyumba ya Lilavati hakuna mtoto aliyempita mkubwa asubuhi bila kuinama na kumgusa miguu. Suresh aliinama kila asubuhi, akiwa mtoto, akiwa bwana harusi, akiwa baba wa watoto wakubwa. Mama alifariki mwaka jana, na tangu siku hiyo nyumbani kwake hapakuwa na miguu ya kuinamia. Alidhani ameshazoea. Sasa mgongo ukainama wenyewe bila kumwomba ruhusa, mkono ukashuka, na vidole vikagusa kandambili zile zenye vumbi. Kitambi kikamwelemea, akaishia kupiga magoti kwenye vigae, bega kwa bega na mfanyakazi wake.

Dukani mtu mmoja akasema, "Eeh!" Obedi akaacha chipsi ziungue.

Bibi, ambaye hakujua lolote kuhusu nyumba ya Lilavati, akaweka mkono mkavu juu ya kile kipara na kuuacha pale.

"Aya, mwanangu," akasema. "Habali za nyumbani?"

"Nzuri, mama," akajibu Suresh.

"Watoto?"

"Wazima, mama."

Basi lilipiga honi nje. Luhende akatazama tiketi zake, akazitia mfukoni, akaagiza kuku mzima, wa kula hapa. Wale waliokuwa nyuma yake nao wakaanza kuketi, mmoja mmoja, kwenye viti ambavyo siku nyingine vilikuwa vya kuwekea mizigo.

"Kija," Suresh akanong'ona, kichwa kikiwa bado chini ya mkono wa bibi.

"Abee, bosi."

"Umeajiriwa."

Kija aliuma midomo ili asipige ukelele. Furaha ikampanda kutoka magotini mpaka kwenye kofia, akahisi anaweza kuruka kreti kumi. "Asante, bosi!"

"Sasa tunaweza kusimama? Goti langu linaniua."

"Bado, bosi. Hajamaliza."

"Na ng'ombe?" bibi akauliza.

Suresh, ambaye hajawahi kufuga hata kuku wa mayai, akamgeukia Kija kwa macho ya kuomba msaada.

"Sema hawajambo," Kija akamnong'oneza.

"Hawajambo, mama," akasema Suresh, machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja. "Hawajambo wote."