Mwambie Mama Yako

Kwetu Mlandege, pale Iringa mjini, baba yangu anakula meza moja na wake za kaka zangu. Anawatania kuhusu chumvi iliyozidi, nao wanamjibu. Ndiyo maana nilipoolewa na Dastan, Mnyakyusa ambaye wazazi wake walitoka Tukuyu wakahamia Usangu kulima mpunga, nilidhani wananifanyia mzaha waliponiambia kwamba mimi na baba mkwe hatutaonana uso kwa uso maisha yetu yote.

Haukuwa mzaha. Nikisikia anakuja, naacha njia, nachuchumaa, najifunika khanga usoni na kumpa mgongo mpaka apite. Hanisemeshi, simsemeshi. Jina lake silitaji hata leo. Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo, lakini yule mzee alikuwa hajaacha, na mume wangu alinibembeleza nivumilie. Nikavumilia huku nimenuna. Nilimjua mzee kwa kikohozi tu, maana kila alipokaribia kona ya nyumba alikohoa ili nipate nafasi ya kujificha. Jamani, kikohozi kile kilinichosha. Unakaanga vitunguu, kohoo! Unaacha sufuria inaungua, unakimbilia nyuma ya mlango kama mwizi.

Masika ya mwaka jana mwanangu Gideoni, mtoto wa mgongoni bado, alishikwa na homa. Kulipokucha alikuwa wa moto na amekataa ziwa. Dastan alikuwa kazini Mbeya, mama mkwe alikuwa msibani Tukuyu, na mafuriko yalikuwa yamekata barabara, bodaboda zote zikakwama ng'ambo ya mto. Njia ya kufika zahanati ilibaki moja tu, ya kukatisha porini. Na porini kulikuwa na tembo. Walikuwa wametoka hifadhini kufuata mpunga wetu ulioanza kuzaa, na hakuna aliyethubutu kupita huko peke yake.

Nikamfunga mtoto mgongoni. Nilipotoka nje tu, nikasikia kikohozi nyuma ya ghala. Nikajifunika, nikageuka. Lakini safari hii kikohozi kilifuatwa na maneno.

"Gideoni," mzee alisema, "mwambie mama yako atangulie. Mimi nitakuja nyuma nagonga debe. Akilisikia, ajue nipo. Tembo nao wakilisikia, watatupisha. Na mwambie, akiwaona, asikimbie. Litokee litakalotokea, asikimbie."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia maneno yake yanayonihusu, na hata hayo aliyapitisha kwa mtoto. Nilikasirika. Mtu yeyote mwenye akili anajua kwamba porini watu hutembea pamoja. Sisi, na mtoto mgonjwa, tukatembea mbalimbali kama watu waliogombana.

Majani yalikuwa marefu na yamelowa. Nyuma yangu debe lililia kwa utaratibu, ngo, ngo, ngo, na lilipolia nilipata nguvu ya kupiga hatua nyingine, ingawa nisingekubali kusema hivyo. Gideoni alikuwa analalamika kidogo kidogo mgongoni. Nilimpiga-piga matako, nikamwambia tunafika.

Mara debe likanyamaza.

Nikadhani mzee amechoka, au ameenda kujisaidia. Nikaendelea. Kisha nikasikia miguu nyuma yangu, inakuja haraka, inakaribia. Alikuwa ameona kinyesi kibichi cha tembo njiani na majani yaliyotoka kuvunjwa, akaogopa kuwashtua kwa debe au kwa kelele, akawa ananiwahi. Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba baba mkwe anakuja, nami niko njiani kwake. Mwili ukafanya ulichofundishwa. Nikaacha njia, nikaingia kichakani, nikachuchumaa, nikavuta khanga mpaka puani.

Harufu ndiyo ilinifikia kwanza, kama ya zizi lililonyeshewa. Halafu ngurumo ya chini sana, niliyoisikia kifuani zaidi kuliko masikioni.

"Gideoni." Sauti ya mzee ilikuwa ya upole, ya mtu anayeamsha mtoto. "Mwambie mama yako asigeuke wala asikimbie. Ashushe khanga taratibu, atazame mbele."

Nikashusha. Mbele yangu palikuwa na kichuguu kikubwa kilichopakwa tope, na kichuguu kile kikapumua.

Nililiona jicho la tembo. Niliziona kope zake, ndefu na zina matone ya mvua. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu mikunjo ya goti lake. Nyuma yake wakasogea wengine, na sikuelewa viumbe wakubwa namna ile walikuwaje pale muda wote bila hata kijiti kulia.

"Upepo unatoka kwao unakuja kwetu," mzee alisema. "Hawajatunusa. Gideoni, mwambie mama yako ainuke polepole. Arudi kinyumenyume, afuate sauti yangu."

Nikainuka. Nikarudi hatua, na nyingine, uso wangu kwa tembo, na mtoto amegeuza shingo, uso wake kwa babu yake.

"Vizuri, mjukuu wangu. Naona unanisikia. Mwambie kuna mzizi nyuma yake, ainue mguu. Haya. Tena. Unamwongoza vizuri mama yako."

Gideoni alikuwa ameacha kulalamika. Akawa mzito mgongoni, ametulia tuli. Nikadhani amelala, nikamshukuru Mungu.

Nilirudi hivyo mpaka nikahisi mbeleko inavutwa kidogo. Mzee alikuwa ameshika mguu wa mtoto. Mimi hakunigusa. Tukasimama hapo, na tembo wakaanza kuvuka njia.

Walipita mbele yetu mmoja mmoja, bila haraka, na ardhi ilikubali uzito wao kimyakimya. Mkubwa wao alisimama katikati ya njia, akainua mkonga, akauzungusha hewani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini ndani ya woga ule mlikuwa na kitu kingine, nilichowahi kukihisi mara moja tu nikiwa mdogo, kanisani Tosamaganga, watu wote walipopiga magoti kwa pamoja. Nilitaka kulia kwa uzuri wake. Nilitaka wasinione, na nilitaka wasiishe.

"Unawaona, Gideoni?" mzee alinong'ona nyuma yangu. "Yule ni bibi yao. Tazama anavyomsukuma mtoto upande wa pili, ampitishe mbali na sisi. Hana ugomvi. Naye ana mjukuu. Tulia hivyohivyo, baba. Mwambie mama yako tunamaliza sasa."

Sauti yake haikutetemeka hata mara moja.

Wa mwisho alizama kwenye majani, majani yakajifunga. Mkono wa mzee ukaachia mguu wa mtoto. Kisha sauti ikaja karibu na sikio langu, na safari hii haikupitia kwa mtu.

"Faustina."

Sikujua kama analijua jina langu.

"Sasa kimbia, mwanangu. Mtoto amezimia."

Nilikimbia. Khanga ilidondoka sikuiokota. Mzee alikimbia mbele yangu, analipiga debe kwa nguvu zake zote, anafungua njia, na mimi nilifuata mgongo wake nikilia jina la mwanangu. Kwenye zahanati, Nesi Joyness alimpokea mikononi bila kuuliza hata salamu. Malaria kali, alisema, imepanda kichwani. Akamchoma sindano, akamtundikia maji, mimi nikaanguka kwenye benchi.

Hapo ndipo akili ilipoanza kurudi. Uso wa Gideoni ulikuwa mbele ya mzee muda wote. Aliona macho ya mtoto yakigeuka juu. Aliona shingo ikilegea. "Naona unanisikia," alisema, akimwambia mtoto asiyesikia kitu. Angeniambia ukweli ningekimbia, na tembo wangetumaliza wote watatu. Basi akaubeba peke yake, akanisimulia habari za bibi na mjukuu.

Alasiri Gideoni alifumbua macho, akalia, akatafuta ziwa. Alinyonya kwa hasira kama mtu aliyedhulumiwa. Nilicheka mpaka nesi akanitazama.

Nikamfunga mgongoni, nikatoka nje. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigogo uani, debe mapajani, ameupa mlango mgongo. Aliposikia hatua zangu akakohoa.

Niliazima khanga ya Nesi Joyness. Hakuna aliyenibembeleza. Nikajifunika mwenyewe, nikageuka, nikarudi kinyumenyume mpaka nikajua mtoto yuko karibu naye.

"Gideoni," nikasema, "mwambie babu yako, ndaga fijo. Asante sana."

Debe likaanguka chini. Nikahisi mguu wa mtoto umeshikwa, kwa mikono miwili sasa.

"Gideoni," mzee alisema. "Mwambie mama yako..."

Nikasubiri. Alijaribu tena, na hakuweza kumaliza.