Mbwa Asiyejua Samaki

Mbwa wetu wa kwanza alikuwa mwizi. Amekufa, lakini sitamtetea kwa hilo. Alikula ndagala za mke wangu, dagaa wetu wa ziwani, akala za majirani, na siku moja alipanda juu ya chanja ya Mama Claudette akala mpaka akatapika hapohapo, juu ya zile zilizobaki.

Claudette ndiye mkubwa wa uwanja wetu wa kuanikia samaki, hapa Mulongwe, Uvira. Alituambia mimi na mke wangu Émérance mbele ya wanawake wote:

"Siku mbwa yenu ingine itagusa samaki ya mutu hapa, hata moja, mutabeba chanja zenu mukaanikie juu ya mabati ya nyumba yenu."

Hakuwa anatania. Nyumba yetu haina hata nafasi ya kuanika suruali. Bila ule uwanja hatuna kazi.

Shida ni kwamba bila mbwa pia tulikuwa tunaelekea kukosa kazi. Mbuzi wa mtaa wanazurura, nguruwe wanazurura, mbwa wa barabarani ndio usiseme. Zamani nilikuwa nawakimbiza mwenyewe. Mwaka ule mto Mulongwe ulipofurika, jiwe lilinivunja mguu wa kushoto, na mfupa ukaunga vibaya. Sasa nikimtupia mbuzi kokoto ananitazama kwanza, anamaliza kutafuna, kisha anaondoka kwa wakati wake.

Nikapata wazo. Kuna mfugaji wa Rurambo, kule juu mlimani, jina lake Rugema, anayeshuka Uvira kuuza siagi ya ng'ombe. Kila akipita uwanjani kwetu anafunika pua.

"Firmin, hiyo harufu munaishi nayo namna gani?"

"Na weye unanuka maziwa tangu ubatizo. Nimekuuliza?"

Kwao hawali samaki. Babu zake hawakula, yeye hali, samaki haingii mlangoni pake. Na mbwa wake jike alikuwa amezaa. Baba wa watoto alikuwa mbwa mkubwa wa mfanyabiashara mmoja aliyepanda kununua ng'ombe, mbwa wa aina ile wanayoita berje, mwenye masikio yaliyosimama. Basi watoto walikuwa metisi: nusu wa mlima, nusu wa mjini. Nikajiambia: mbwa aliyezaliwa nyumba isiyojua samaki hatajua kwamba samaki ni chakula. Atamwona kama majani makavu. Émérance aliposikia alisema, "Mm." Akisema "Mm" anamaanisha mengi, lakini sikuuliza.

Nilipanda Rurambo kwa pikipiki, na pale pikipiki iliposhindwa nikamalizia kwa fimbo. Nilifika nimelowa ukungu, mguu unaniuma hadi kiunoni. Mke wa Rugema, Nyiransengimana, alinipa maziwa hata kabla sijaketi. Nikaweka mfuko wangu chini, nikanywa, tukaulizana habari za watu na za ng'ombe.

Niligeuka niliposikia plastiki inapasuka. Watoto wa mbwa walikuwa wamevamia mfuko wangu. Kumbe Émérance alinifichia humo furushi la ndagala, zawadi kwa wenyeji, kwa kuwa mtu wa ziwani haendi kwa watu mikono mitupu. Ndagala zilitapakaa mlangoni kwa Rugema. Na wale watoto, ambao hawakuwahi kuona samaki tangu wazaliwe, walikuwa wanakula kama watu wa harusi.

Nyiransengimana alijifunika pua na kitenge. Rugema akaniangalia.

"Firmin, umetoka Uvira, umepanda huu mulima na huo muguu, ili uniletee uvundo kwangu?"

"Ni mke wangu."

"Adamu naye alisema hivyo."

Nyiransengimana akaanza kucheka chini ya kitenge, kisha sote tukacheka. Lakini mimi moyoni nilikuwa nimeshindwa. Wazo langu lote lilikuwa linaliwa pale mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nikamwona mmoja ambaye hali. Alikuwa ameketi kando ya wenzake, rangi ya matope, sikio moja limesimama la baba, jingine limeanguka la mama. Ndagala moja ilikuwa karibu kabisa na mguu wake. Hakuigusa. Alikuwa anamtazama Nyiransengimana.

"Ninachukua huyo," nikasema.

"Huyo?" Rugema akashangaa. "Chukua yule munene. Ndiye alipasua mufuko. Mbwa mwenye njaa ndiyo mbwa ya kazi."

"Huyo hapendi samaki."

"Haya. Kwetu mbwa haiuzwe. Siku ingine utaniletea chumvi ya ng'ombe. Chumvi, umesikia? Si ile ingine."

Nilishuka naye ndani ya koti. Tukampa jina Kapita, kwa sababu nilitaka asimamie kazi.

Nyumbani tulimwekea ndagala kwenye sahani, kumjaribu. Hakula. Niliruka kwa furaha kadiri mguu unavyoruhusu. Tukamwekea bugali na maharage, hakula. Tukamwekea bugali na mchuzi wa nyama, hakula. Alikuwa anaketi mbele ya sahani, mate yanamtoka, anatutazama usoni mimi na mke wangu kama mtu aliyefika ofisini na anangoja kuitwa. Mbavu zikaanza kuonekana. Émérance alimfungua mdomo kwa nguvu akamtia maziwa ya unga.

"Baba Ornella, hii mbwa itakufa." Ornella ni binti yetu mkubwa.

"Iko inajifunza."

"Inajifunza kufa. Piga simu kwa Rugema."

Nikapiga. Rugema alimpa simu mkewe, kwa sababu ndiye aliyewalisha.

"Munamwambia nini mukimupa chakula?" Nyiransengimana akauliza.

"Hatumwambii kitu. Ni mbwa."

"Kwetu ndama inakunywa kwanza. Mutoto ya mbwa inangoja kando ya chungu, haiguse mpaka niiambie *akira*, pokea. Wale wengine walikuwa vichwa ngumu. Huyo alishika. Mwambie."

Nilirudi mbele ya sahani. Ilikuwa sahani ya ndagala. Nikasema, "Akira."

Aliingiza kichwa chote. Alikula vichwa, mikia, akalamba sahani mpaka ikasogea ukutani, akaifuata, akaendelea kulamba. Nilikuwa sijawahi kuona mbwa anayependa samaki kama yule. Nikakaa chini. Nilikuwa nimepanda Rurambo kuleta mwizi mwingine nyumbani, na Claudette alikuwa ananingoja.

"Namurudisha," nikasema.

Émérance akaniangalia kwa huruma ile anayowapa watu wagumu.

"Ulienda kutafuta mbwa asiyejua samaki. Hapa Uvira nani hajue samaki? Minye najua samaki. Weye unajua samaki. Tunaiba ya Claudette?"

"Sisi ni watu."

"Huyu ameketi na njaa mbele ya sahani mpaka mbavu zimetoka. Weye unaweza?"

Siwezi, na anajua kwamba siwezi.

Basi tulimlea kwa namna hiyo. Hakuna aliyemtupia kitu chini. Kila alichokula kilitoka mkononi, baada ya kazi, na neno lile. Nilimnunulia dawa ya minyoo. Alitafuna sandali yangu ya mguu mzima, akaacha ya mguu mbovu. Mwanzoni aliogopa mawimbi, akawa anayabwekea na kurudi nyuma, anabweka na kurudi nyuma, watoto wanamcheka. Lakini damu ya mama yake ilianza kuonekana. Alikuwa anakusanya, kama anachunga ng'ombe. Alikusanya kuku wa jirani kwenye kona moja. Siku nyingine aliwakusanya wale watoto wenyewe ukutani, na hawakucheka tena.

Nilipoanza kumpeleka uwanjani, wanawake waliita, "Mbwa ya mulima imefika, ficheni!" Claudette hakuita. Kila asubuhi alipita karibu na Kapita akaangusha ndagala moja, kama bahati mbaya, kisha akasimama na mikono kiunoni. Kapita alitazama ndagala, akamtazama Claudette, mate yakamtoka. Mimi nilikuwa natoka jasho zaidi ya mbwa.

"Bado mutoto," Claudette alisema. "Mwizi naye alizaliwa mutoto."

Asubuhi moja mitumbwi ilichelewa kurudi, na ilirudi imejaa. Wanawake wote walikimbilia majini na mabeseni yao, Émérance naye, na mimi nyuma yao nimebeba mizani. Chanja zilibaki na samaki wa jana. Alibaki Kapita.

Tulikuwa tunagombania ndagala na wenye mitumbwi tuliposikia kelele ya nguruwe. Wanawake waliacha mabeseni wakakimbia. Mimi nilifika wa mwisho, kama kawaida. Nilikuta wamesimama duara, hawasemi. Wanawake wa Mulongwe wakinyamaza, kuna maiti. Nikajipenyeza katikati.

Chanja ya Claudette ilikuwa imevunjika mguu mmoja, samaki wote wamemwagika mchangani. Nyayo za nguruwe zilikuwa kila mahali, na mbali kule, mdomoni mwa uchochoro, nguruwe na mbuzi watatu walikuwa wamebanwa pamoja kwenye ukuta, hawathubutu kutoka. Kapita alikuwa ameketi katikati ya ndagala. Lile sikio lililosimama lilikuwa limechanika, damu inashuka shingoni. Anatetemeka. Mate yanadondoka mpaka kwenye miguu. Samaki walimgusa mkia, walimgusa tumbo. Alikuwa anatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine.

"Firmin," Claudette akasema polepole, "mbwa yako iko mugonjwa?"

"Hapana. Iko inangoja."

"Inangoja nini?"

"Weye. Samaki ni yako. Mwambie akira."

Claudette alitazama chanja yake, akatazama nguruwe. Akainama. Hakuokota zile zilizopondwa. Alitafuta moja nzima, yenye mgongo unaong'aa, akaikung'uta mchanga, akaiweka kwenye kiganja.

"Akira, mwizi weye."

Kapita aliichukua kwa midomo tu, taratibu, akala.

"Umupe na ingine, mama!" wanawake wakapiga kelele. "Umupe na beseni!"

"Moja inatosha. Musimuharibu." Lakini alivua kitambaa chake cha kichwa akakifunga kwenye lile sikio, na tulipomaliza kuokota samaki na kusimamisha chanja, aliniambia bila kunitazama: "Ukipanda tena kule kwa Rugema, na minye unichagulie. Weye unajua kuchagua."

Sikumwambia nilivyochagua. Mambo mengine hayamsaidii mtu.

Mwezi huu mbwa wa Rugema amezaa tena. Jana Émérance alinifungia mfuko: chumvi ya ng'ombe, nzito, kama nilivyoahidi. Sikio la Kapita limepona, lakini halisimami tena. Sasa yote mawili yameanguka, na amekuwa mzuri zaidi. Nilifungua mfuko kuhakikisha. Chini ya chumvi kulikuwa na furushi la ndagala.

"Mama Ornella! Watu wale hawakulaka samaki, umesahau?"

"Sijasahau," akasema. "Hiyo si ya watu. Ni ya kuchagulia."