Mnara wa Walio Nje

Mimi nauza maua mbele ya hekalu la Wahindu, karibu na Mayfair, mtaa wa Johannesburg. Meza yangu iko ng'ambo ya barabara, inaelekeana na lango, na mlinzi wa lango hilo ni Balthazar, Mrundi mwenzangu. Balthazar hana dogo. Ukiegesha gari vibaya atakusomesha mpaka usahau ulichokuja kufanya. Mlangoni mwa hekalu wamechongwa walinzi wawili wa mawe, wameshika marungu na kutoa macho, nami nimezoea kumwambia hao ni ndugu zake wa tumbo moja.

Juma lile sikumtania. Mama yake alikuwa amefariki kule Ngozi, kwetu Burundi, na kwa hizi karatasi zetu za ukimbizi hakuweza kwenda kumzika. Alipokea simu, kesho yake akaja kazini na shati limepigwa pasi. Nilimwambia akae nyumbani watu waje kumpa pole, akaniuliza akae nyumbani afanye nini. Hata kulia alikuwa hajalia, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyeanza kuja kila asubuhi. Haingii. Anasimama upande wangu wa barabara, anautazama mnara ulio juu ya lango, kisha anaondoka. Hapa Johannesburg, mtu akikodolea jengo macho kila siku bila kuingia, mlinzi anajua huyo anahesabu kamera. Balthazar akampigia kelele kutoka langoni, aondoke na asimwone tena pale. Mzee hakubisha. Aliinamisha kichwa akaenda zake.

Kuhani wa hekalu aliyaona hayo, akatoka, nami nikavuka barabara kusikiliza. Hakufoka. Alitueleza kwamba yule ni Bwana Moodley, amefiwa na mkewe, na kwa desturi yao mfiwa haingii hekaluni mpaka siku za msiba ziishe. Akatuonyesha mnara, ghorofa juu ya ghorofa, sanamu zimebanana mpaka kileleni. Alisema huu ni mdogo tu, umeigwa kwa ile ya kusini mwa India, ambako wafalme wa zamani, mamia ya miaka nyuma, walijenga malango marefu kuliko hekalu lenyewe. Mungu anakaa ndani kabisa, katika chumba kidogo chenye giza, na si kila mtu anafika. Mnara ni wa yule asiyeweza kuingia. Akiuona tu, hata akiwa mbali shambani, ameshasalimu.

Balthazar alirudi kwenye kiti chake, uso umemshuka. Nilimwonea huruma, lakini hasira nayo nilikuwa nayo. Kumfukuza mfiwa, na wewe mwenyewe umefiwa!

Asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyemwona mzee kwanza. Alikuwa kule mbali kwenye robot, zile taa za barabarani, amejibanza nyuma ya bango, ananyoosha shingo. Pale huoni hata nusu ya mnara. Nikamwashiria Balthazar. Mtu huyu hajawahi kuacha lango hata kwa kununua mkate. Aliliangalia lango, akamwangalia mzee, akavuka barabara.

Alirudi naye amemshika mkono, akamsimamisha kando ya meza yangu, ambapo mnara unaonekana wote. Akamwomba radhi kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Na mimi mama yangu amekufa, mzee. Wamemzika bila mimi."

Bwana Moodley akasogea kidogo, akamwachia nafasi.

"Basi simama hapa," alisema. "Muage kutoka hapa."

Balthazar ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya. Nilidhani atakataa. Akavua kofia ya kazi, akauinulia uso mnara ule wa watu wengine, akamwita mama yake kwa Kirundi. Halafu akalia, akalia kweli, mabega yakimtikisika, na mzee amemshika kiwiko.

Watu wa ibada walikuwa wameanza kufika na lango halina mtu. Nikayaacha maua yangu, nikaenda kulisimamia mimi.