Nukta Kumi na Moja

Swali moja tu lilikuwa limembakiza Mwalimu duniani: je, ile nyota ilififia mara ya tatu? Mara mbili katika miaka yake ya kazi, alipokuwa akichora vipimo kwa mkono, aliona mwanga wake ukipungua kidogo, kana kwamba kuna sayari iliyopita mbele yake. Mara mbili ni tetesi. Ya tatu ndiyo ushahidi. Sasa alikuwa wodini, mapafu yamechoka, na mwanafunzi wake wa mwisho, aliyembandika jina la Kiroboto kwa kutotulia kwake, ndiye aliyekuwa macho na miguu yake.

Hifadhi ya data ya darubini ya angani ilitoa faili la vipimo vya nyota ile Jumatatu asubuhi. Mtandao wa chuo ulikatika mara nne. Kila mara Kiroboto alilipakua upya, mpaka ukubwa wake ukalingana hadi tarakimu ya mwisho. Kisha akalisafisha kwa programu aliyoiandika Mwalimu mwenyewe zamani, ile inayotupa kila kipimo kilichoruka mbali na wenzake. Hakuifungua kuikagua. Nani akague kazi ya mtu aliyemfundisha kukagua?

Mstari ulitoka umenyooka kama uzi wa mwashi.

Jioni alikaa kando ya kitanda, akasema hakuna kitu. Mwalimu akamtania kwamba hata kiroboto huchoka na mbwa mmoja. Akatafute nyota nyingine. Akageukia ukutani.

Kesho yake, akiandika ripoti, Kiroboto alihesabu vipimo vilivyotupwa. Kumi na moja. Vyote vimefuatana, vyote chini ya mstari, kwa kina kilekile cha zile mara mbili. Takataka hazipangi foleni. Programu ile ilitengenezewa darubini ya zamani iliyotetereka. Kwenye hii mpya ilikuwa imekata kivuli chenyewe cha sayari ikidhani ni uchafu.

Alifika wodini akihema. Mke wa Mwalimu alikuwa anakunja blanketi. Shuka lilikuwa limemfunika mumewe mpaka juu ya kichwa.

"Mama," akasema, "nilimwambia uongo bila kujua. Ilikuwepo."

Mama aliendelea kukunja, pembe kwa pembe. Alisema mzee hakutaka hata maji tena. Alikuwa akiuliza tu, miaka yote ile alikuwa anatazama nini.

Kisha akasogeza kiti.

"Hawajaja kumchukua. Mwambie mwenyewe."

Kiroboto aliketi, akakunjua karatasi ya vile vipimo kumi na moja, akaanza kusoma namba moja moja, tangu ya kwanza.