Sauti ya Fundi wa Maabara

Jumatano saa nane mchana, wakufunzi wa chuo cha ufundi walikusanyika ukumbini kutoa mawazo ya kuboresha mafunzo ya walimu kazini. Chai ilikuwa imekwisha, kalamu nzima zilikuwa mbili tu, na mkuu wa chuo alisema kila mtu ana dakika tatu. Mafundi wa maabara hawakualikwa. Hata mwaka jana hawakualikwa.

Mkufunzi wa umeme, ambaye wenzake walimwita Koti kwa kuwa koti lake halivui hata jua liwake vipi, alisimama wa tano. Wazo alilokuja nalo alilipata Jumatatu kwa fundi wa maabara yake, mwanamke aliyekuwa na miaka kumi na moja ya kutengeneza vifaa vinavyoharibiwa na walimu.

"Kaka," alimwambia huku akilehemu waya, "mwalimu mgeni akae na sisi mafundi muhula mmoja kabla hajashika darasa. Na sisi tupelekwe mafunzo kama nyinyi. Nisemee huko."

Koti alifungua kinywa, ikatoka sauti ya fundi, nyembamba, yenye kikohozi kidogo kila anapopumua. Alieleza habari ya mwalimu mgeni. Ya mafundi kupelekwa mafunzo aliiruka.

"Ongeza sauti, huku nyuma hatusikii," alisema mkuu wa chuo. Kisha akauliza, "Hili wazo ni lako?"

"Ni langu," ilijibu sauti ya fundi.

Katibu akaandika jina la Koti.

Jioni mkewe alimsikia akibisha hodi. "Hiyo sauti ya nani?"

"Ya fundi wetu."

"Haya. Nguo ya kuazima haisitiri makalio," alisema mkewe, akampakulia chakula. Koti alikitazama mpaka kikapoa.

Asubuhi alikwenda maabara. Fundi alikuwa bubu tangu jana mchana, na kazi zake zinaendelea.

"Dada, nisamehe," alisema Koti.

Fundi aliisikiliza sauti yake mwenyewe ikimwomba radhi. Akavuta karatasi, akaandika: *Umetusemea habari ya mafunzo?*

"Bado. Kikao kijacho."

Fundi akaandika tena: *Usiikaze sauti, itakwaruza. Kunywa maji ya vuguvugu.*

Afadhali angemtukana.

Kikao kilichofuata Koti alikuwa ameshateuliwa mratibu wa mafunzo. Mkuu wa chuo aliuliza kama kuna mengineyo. Koti aliinua mkono nusu, akakumbuka ofisi mpya aliyopewa, yenye madirisha mawili, akajikuna sikio. Kikao kikafungwa.

Siku ya uzinduzi wa mafunzo kipaza sauti kiligoma. Fundi aliitwa, akapanda juu ya kiti, akakitengeneza. Koti akafungua mafunzo kwa maneno yaliyosikika mpaka getini.

"Mratibu wenu anajua kuongea," mgeni mmoja alimnong'oneza fundi.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Walimu walipoitwa kuingia madarasani, alikunja nyaya zake, akateremka maabara. Koti alimwona akiondoka, akatamka jina la fundi mara moja, kwa sauti ile ile, mbali na kipaza sauti.